Kabla Jembe Halijagusa Ardhi

Ukitaka kumpima mwalimu wa kilimo, usianzie shambani wala kwenye madaftari ya wanafunzi. Omba akufungulie stoo. Stoo za shule nyingi zinafanana: majembe yamerundikwa kona moja, mapanga yamelala chini ya madawati mabovu, toroli limepinduliwa halina gurudumu, na udongo wa masika iliyopita umegandia kila chuma. Mwalimu ninayemwandika hapa anafundisha sekondari moja ya kata huko Kanda ya Ziwa. Stoo yake ina ukuta uliopakwa chokaa, na juu ya chokaa kuna michoro myeusi ya kila kifaa kwa ukubwa wake halisi. Jembe linatundikwa juu ya mchoro wa jembe, fyekeo juu ya mchoro wa fyekeo, sururu juu ya mchoro wa sururu. Jioni hahitaji kuhesabu wala kuuliza nani kachukua nini. Anasimama mlangoni, anatazama palipobaki mchoro mtupu.

Michoro hiyo haichori yeye. Kila mwaka ukuta hupakwa chokaa upya, na kidato cha kwanza ndio wanaochora. Mmoja anakishikilia kifaa ukutani, mwenzake anapitisha mkaa pembezoni mwake, kisha wanafuata mstari kwa rangi. Inaonekana kama kazi ya kuwapa watoto shughuli siku ya mvua, lakini ndiyo somo lenyewe la kwanza. Mtoto aliyezungusha mkaa kwenye beleshi na sepeto hawezi tena kuvichanganya. Mkono wake umeshakutana na kingo za beleshi zilizoinuka, kwa sababu kazi yake ni kuchota, na umeshapita kwenye mdomo wa sepeto ulionyooka, kwa sababu kazi yake ni kukata. Majina yanafuata baadaye, na yanakaa.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona ufundi wa mwalimu huyu. Anachelewesha. Kila mahali ambapo mwingine angeeleza, yeye anampa mwanafunzi kitu cha kushika, halafu anasubiri.

Ana sababu nyingine ya kutokimbilia shambani. Watoto wengi wanafika sekondari wakilijua jembe kama adhabu. Umechelewa namba, kalime. Umepiga kelele, kafyeke uwanja. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shule ziwe na mashamba ili mwanafunzi ajifunze kwa kufanya, kwa kupanga na kwa kuona matokeo ya uamuzi wake. Kwenye shule nyingi kilichobaki ni kulima tu, somo likapotea njiani. Ngao ya Taifa la Tanzania ina jembe na shoka vilivyopishana, bendera ya CCM ina jembe na nyundo, na sisi shuleni tukaligeuza jembe lile lile kuwa bakora. Mwalimu huyu hajawahi kumwadhibu mtu kwa jembe. Anayekosa anazuiwa kulishika siku hiyo, na nimewaona wanavyonuna.

Somo la pili ni mpini. Anamwaga sakafuni vichwa vya majembe, vya mashoka na vya sururu, pembeni anaweka rundo la mipini, kisha anasema, "Haya, unganisheni." Hasemi zaidi ya hapo. Wanafunzi wanahangaika. Wanachukua mpini wenye kichwa kinene na kujaribu kuusukuma kutokea chini ya tundu la jembe, hauingii. Wanauchonga upande ule mnene mpaka uingie, wanafurahi, wanapiga mara tatu, chuma kinaruka. Ndipo mmoja, mara nyingi aliyewahi kumsaidia babu yake, anaupitisha mpini kwa juu, upande mwembamba kwanza, na unene unakuja kukwama kwenye tundu. Kila pigo linazidi kukibana chuma. Sururu nayo ni vivyo hivyo. Shoka la dukani ni habari nyingine: mpini unaingia kutokea chini, na kinachoshikilia ni kabari iliyopigwa kwenye ufa wa juu. Mwanafunzi aliyegundua mwenyewe kwa nini kimoja kinataka kabari na kingine hakitaki ameshaelewa jambo la fizikia ambalo hatalisahau hata akiwa mhasibu.

Halafu anawaletea jembe la zamani, lile lenye mkia badala ya tundu. Mkia wake wa chuma hupenya kwenye kichwa kinene cha mpini, katika tundu lililotobolewa kwa chuma cha moto. Kadiri unavyolima ndivyo mkia unavyozidi kuzama na kukaza. Kanuni ni ile ile, imegeuzwa tu: huku mti umo ndani ya chuma, kule chuma kimo ndani ya mti. Wahunzi wa nchi hii walikuwa wamelimaliza swali hilo kabla ya duka la kwanza kufunguliwa. Wafipa walijenga tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Warongo wa Uzinza walifua majembe yaliyosafiri hadi Unyamwezi, na katika jamii kadhaa za huku majembe yalihesabiwa kwenye mahari. Anapowaambia wanafunzi kwamba bibi wa bibi zao huenda aliolewa kwa majembe, darasa linacheka, kisha linalitazama lile jembe la mkia kwa heshima kidogo. Baadaye yakaja ya kiwandani, ya UFI pale Ubungo na ya ZZK ya Mbeya, na yale ya kutoka nje. Historia anaipa dakika chache tu, na nadhani anafanya sawa. Chuma kipo mezani, kinatosha.

Kuhusu mti, hana haraka hata kidogo. Anapenda mkole, anaukubali mpera, na mkaratusi anautumia kwa kuwa ndio uliopo. Mti unakatwa mbichi, unaanikwa kivulini, na asiyekuwa na subira akauweka juani ataona nyufa ndani ya siku chache. Anawafundisha kuusoma mti kabla ya kuuchonga. Nyuzi zake zikienda sambamba na urefu wa mpini, sawa. Zikikatiza kwa mshazari, mpini utapasukia hapo hapo. Fundo likiwa katikati, tupa, au katia mpini mfupi wa fyekeo. Urefu wa mpini wa jembe unapimwa kwa mwenye kulima: asimame wima, jembe likiwa chini mbele yake, ncha ya mpini imfike kiunoni au juu kidogo. Stoo yake ina mipini mirefu na mifupi kwa sababu ina watoto warefu na wafupi. Naambiwa hili ni jambo dogo. Muulize mgongo wa mama aliyelima miaka arobaini kwa mpini mfupi.

Na mpini ukilegea? Karibu kila mtu nchini atakwambia loweka jembe kwenye maji usiku kucha. Asubuhi limekaza kweli. Mwalimu hawakatazi. Anawaachia walowekaji walime, na baada ya jua la siku mbili mpini umekauka, umesinyaa kuliko mwanzo, jembe linacheza tena. Ndipo wanarudi wenyewe kuuliza.

Tupa ndiyo kifaa anachokithamini kuliko vyote, na cha ajabu ndicho kinachoharibiwa haraka kuliko vyote. Ukitazama mtu akinoa panga mtaani, utaona anasugua kwenda na kurudi, tupa inapiga kelele, na mnoaji anaamini kelele ndiyo kazi. Meno ya tupa yametegwa kukata kuelekea mbele tu. Kuirudisha huku umeikandamiza ni kuyasaga meno yake. Kwa hiyo anawafundisha mwendo mmoja: sukuma ukikandamiza, inua, rudisha hewani, sukuma tena. Jembe linabanwa lisicheze, kwa sababu kifaa kinachotikisika ndicho kinachokata vidole. Jembe linatiwa makali upande mmoja, panga pande zote mbili. Anapokuwa anazunguka kati yao huwa hatazami mikono. Anasikiliza. Tupa inayokata vizuri ina sauti nzito, ya kukwaruza. Inayoteleza inalia kama filimbi. Nimemwona akimwita binti wa mstari wa nyuma bila kugeuza shingo: "Wewe binti yangu, laza tupa kidogo." Sauti ikabadilika pale pale. Binti akajibu "Ndiyo, mwalimu," akaendelea, na baada ya hapo nikaanza kumwona naye anatega sikio.

Baada ya kazi kila chuma kinaoshwa, kinakaushwa, kinapanguswa kwa kitambaa chenye oili chafu kutoka gereji. Tupa haiguswi na oili, maana meno yenye oili yanateleza. Hayo yanakwenda haraka, hayahitaji falsafa.

Kilele cha mwaka ni plau. Kwenye mikoa inayofuga, plau ya ng'ombe ndiyo iliyowatoa watu wengi kwenye jembe la mkono, na trekta bado ni la kukodi kwa wachache. Lakini plau ina sifa mbaya isiyostahili. Mtu anapolima nayo vibaya, lawama zinakwenda kwa maksai kwamba ni wavivu, au kwa udongo kwamba ni mgumu, na mjeledi unafanya kazi ambayo ingefanywa na pingili mbili za mnyororo.

Siku ya kwanza plau haifungwi kwa mnyama. Inawekwa juu ya sakafu ya saruji, wanafunzi wanaizunguka. Chuma kinachokata udongo kipo sawa au kimelika ncha? Bapa la kupindulia udongo limeng'aa? Likiwa na kutu, udongo utagandia badala ya kuteleza na kupinduka. Ubavu unaoegemea ukuta wa mfuo umekaa sawa? Nati zimekazwa zote? Kisha mbele kabisa, kile kipande cha chuma chenye matundu ambako mnyororo hufungwa. Wanafunzi hukipita haraka kwa sababu hakina sura. Mwalimu naye anakipita, makusudi.

Siku ya pili wanaingia shambani, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Mwalimu ameufupisha mnyororo usiku uliotangulia. Maksai wanaanza kwenda, plau inaparaza juu ya ardhi kama mtu anayekwepa deni. Kijana aliyeshika mashikio anaikandamiza kwa uzito wake wote. Inazama kidogo, inaruka. Anafika mwisho wa shamba jasho linamtiririka, na nyuma yake kuna mfuo uliokatikakatika. Anabadilishwa, mwingine anajaribu, hali ni ile ile. Mwalimu amekaa chini ya mwembe. Wa tatu anasema udongo haujalowa. Wa nne anasema maksai wanakwenda mbio. Ukimya. Hatimaye anainuka, anaongeza pingili chache za mnyororo, anarudi kukaa. Plau inazama yenyewe.

Sababu yake ni nyepesi ukishaiona. Nguvu ya maksai inatoka juu, kwenye nira iliyokaa mbele ya nundu, na inashuka kwa mnyororo hadi kwenye plau. Mnyororo mfupi unavuta kwa kupanda, hivyo unaiinua plau. Ukirefushwa, mvuto unalala, plau inaingia. Kwa hiyo jozi ya maksai warefu inataka mnyororo mrefu kuliko jozi ya wafupi, na kipimo cha jirani hakina maana kwako. Halafu anakwenda kwenye kile kipande chenye matundu. Mnyororo ukifungwa tundu la juu, pua ya plau inainama na kukata ndani zaidi. Tundu la chini, inapanda. Ukiuhamisha kushoto au kulia, upana wa udongo unaokatwa unabadilika. Gurudumu la mbele hurekebishwa mwisho kabisa, liguse ardhi kwa wepesi, likitunza kina tu. Wengi huanza na gurudumu, wakalibebesha mzigo usio wake.

Safari inayofuata anaharibu upande wa pili: tundu la juu kabisa, mnyororo mrefu. Plau inazama hadi maksai wanasimama, mgongo umepinda, pumzi nzito. Kijana mwenye mjeledi ananyanyua mkono. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia mwalimu huyu akipaza sauti. Sheria yake ni kwamba mjeledi haunyanyuliwi mpaka mnyororo uwe umekaguliwa. Wanarudi kwenye chuma, wanashusha tundu, wanapunguza pingili, wanajaribu, wanashusha tena. Ikishakaa sawa, kina cha kama sentimita 15, udongo unapinduka mstari mmoja bila kukatika, na mtihani wake ni huu: mshika plau atembee na viganja vimefunguka juu ya mashikio, bila kukandamiza wala kunyanyua. Plau iliyotegwa vizuri inajiendesha. Kijana aliyekuwa anatoka jasho saa moja iliyopita anatembea nyuma yake akicheka peke yake.

Kuna wanafunzi, wengi wao wa kutoka familia za wafugaji, wanaowajua maksai kuliko mwalimu. Hawa hashindani nao. Anawapa kazi ya kuwafundisha wenzao jinsi ya kuwafunga nira, kila mnyama upande aliouzoea, na jinsi ya kuwageuza mwisho wa mfuo. Mashikio ya plau, kwa kawaida, anaanza kuwapa wasichana, kwa kuwa anajua nyumbani kwao nafasi hiyo ilikwenda kwa kaka zao. Na palizi ikifika analeta nira nyingine iliyo ndefu zaidi. Mahindi yamepandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari, hivyo maksai wanatakiwa kutengana kwa sentimita 150 ili kila mmoja apite kwenye njia yake na mstari wa mahindi usikanyagwe. Hesabu hiyo anaiacha ubaoni wiki nzima kabla ya kuileta nira yenyewe. Siku nira inapofika, wanaipima kabla hawajaambiwa.

Bomba la kupulizia dawa analifundisha kwa maji matupu. Wanapima eneo la mita 10 kwa 10, wanajaza bomba kwa kiasi kinachojulikana, mmoja anapuliza kwa mwendo wake wa kawaida, kisha wanapima maji yaliyobaki. Kama zimetumika lita 2 kwa mita za mraba 100, basi hekta moja itakula lita 200, yaani mabomba kumi ya lita 20. Mwanafunzi mwenye hatua ndefu anapata jibu lake, mwenye hatua fupi anapata lake. Kifuniko cha dawa kama kipimo, mazoea yaliyoenea madukani na mashambani, kinaonekana ujinga wake hapo hapo bila mtu kuhubiriwa. Pua ya bomba ikiziba inasafishwa kwa maji na kijiti laini, kamwe haipulizwi kwa mdomo. Hilo halijadiliwi.

Trekta shule haina. Mara moja kwa mwaka linakuja la kukodi, na siku hiyo somo lake ni shafti inayozunguka nyuma. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko tisa kwa sekunde. Anawaambia wahesabu "moja" kwa sauti, kisha anauliza kanga iliyonaswa imeshajiviringisha mara ngapi. Wanafunga nguo zao vizuri, wanasimama mbali. Nikiri kwamba hapa ningependa angekuwa na muda zaidi, maana pawatila zimejaa vijijini na vijana hawa ndio watakaoziendesha, lakini huwezi kufundisha kwa mashine inayoondoka saa tisa.

Mitihani haimsaidii sana. Jirani zetu Kenya, mtihani wa Kilimo wa KCSE umezoea kuweka michoro ya zana na kuuliza jina na matumizi, na kwetu maswali ya namna hiyo si mageni. Si vibaya. Mtu lazima ajue aombe nini dukani. Lakini mtoto anaweza kujaza jina la kifaa A na kifaa B, akapata alama zote, na asijue tupa inakata upande gani. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2024, yenye mkondo wa amali, imefungua mlango wa kupima mikono. Itategemea nani anapima.

Yeye ana namna yake ya kusahihisha. Mwisho wa mwaka kila mwanafunzi anayemaliza somo anaacha jembe alilolitia mpini na makali, likiwa na namba. Msimu unaofuata linakabidhiwa mtoto wa kidato cha kwanza, ambaye anaandika kwenye daftari la stoo lilivyomtendea: lililegea lini, lilipasuka wapi, lilinolewa mara ngapi. Alama za mwaka uliopita zinarekebishwa kwa ripoti hiyo. Nilikuwepo kijana mmoja alipokuja kulalamika kwamba amepunguziwa kwa sababu ya mpini uliopasuka, na kosa ni la aliyerithi, aliyeliacha jembe mvuani. Aliamkia, akajieleza vizuri, akaleta na shahidi. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama ule mti ulikuwa na fundo. Kijana akasema lilikuwepo dogo tu. Mwalimu akaufuata mpini uliopasuka kwenye rundo la kuni, akampa ashike, na wakaanza kubishana kama ufa ulianzia kwenye fundo au uliishia hapo.